Ubeti wa Kihispania

Baba alikuwa na redio kaseti moja na kanda kama kumi hivi, karibu zote za kantri. Aliyekulia Nakuru hatashangaa. Jumapili mchana Jim Reeves na Don Williams walikuwa kama wajomba zetu. Lakini kulikuwa na wimbo mmoja, "Before the Next Teardrop Falls", ambao mwimbaji anauanza kwa Kiingereza, kisha anabadilisha lugha bila hata kupiga hodi. Hapo ndipo Baba alipopaza sauti, akiimba maneno ya kubuni, nusu Kikuyu nusu upuzi mtupu. Kwa miaka mingi niliamini kile ni Kikuyu cha watu wa mbali.

Kumbe ni Kihispania. Mwimbaji ni Freddy Fender, na hilo si jina alilopewa na wazazi.

Alizaliwa mwaka 1937 San Benito, mji mdogo kusini kabisa mwa Texas, karibu na mpaka wa Mexico, akaitwa Baldemar Huerta. Kwao walikuwa vibarua wa mashambani, watu wa kufuata mavuno yanakoiva. Alikuwa Mtejano, yaani Mtexas wa asili ya Mexico. Miaka ya hamsini alirekodi rock 'n' roll kwa Kihispania, hata wimbo wa Elvis, na Mexico wakampenda. Mwaka 1959 akataka na wazungu wa Marekani wanunue sahani zake. Basi akachukua Fender, chapa ya vyombo vya muziki, akatanguliza Freddy kwa kuwa yanaoana vizuri mdomoni.

Simcheki. Nami nimewahi kufanya la aina hiyo, tena bila shida kama zake. Nilipeleka hadithi kwa mhariri mmoja, na ndani yake nyanya yangu alikuwa anaongea Kikuyu, sentensi nne tu. Nikaambiwa nizitoe au nizitafsiri, msomaji asipotee. Nikazitoa siku hiyo hiyo. Hadithi ikachapishwa, na mle nyanya anaongea Kiswahili sanifu ambacho hajawahi kukiongea maisha yake yote, kama msoma taarifa ya habari. Watu walinipongeza. Yeye sikumsomea.

Turudi kwa Fender. Wimbo wake "Wasted Days and Wasted Nights", wa siku na usiku zilizopotea bure, ulikuwa ndio unaanza kushika alipokamatwa na bangi Baton Rouge, Louisiana, Mei 1960. Akafungwa karibu miaka mitatu katika gereza la Angola. Aliyemsaidia kutoka ni gavana Jimmie Davis, naye mwimbaji wa kantri (gavana mwimbaji, hebu fikiria). Lakini upepo ulikuwa umeshapita. Miaka ikaenda. Alirudi Texas akawa fundi magari, akasoma chuo Corpus Christi, akapiga muziki wikendi. Mwenye sauti ile, sauti inayotetemeka kama mtu anayejizuia kulia mbele ya wageni, anashinda chini ya gari la mtu.

Mwaka 1974 prodyuza Huey Meaux wa Houston alimpa wimbo wa kantri ambao muziki wake ulikuwa tayari umerekodiwa. Kilichobaki ni sauti. Wimbo wenyewe ni wa mwanamume anayemwachia mpenzi aende kwa mwingine, ila akiumizwa, arudi. Fender akaimba ubeti kwa Kiingereza, kisha akaurudia kwa Kihispania, karibu maneno yale yale. Hakumfafanulia mtu. Mwaka 1975 ukashika namba moja kwenye chati ya kantri ya Billboard, kisha namba moja kwenye chati kuu ya nyimbo zote. Ule wa siku zilizopotea akaurekodi upya, nao ukaongoza chati ya kantri mwaka huo huo. Alikuwa anakaribia miaka arobaini.

Sitaki kumfanya malaika. Pombe na dawa za kulevya zilimsumbua sana, na mwili ulilipa: figo alipewa na binti yake mwaka 2002, ini likafuata 2004. Katikati ya hayo alipata raha ya kundi la Texas Tornados, na Flaco Jiménez kwenye kodiani. Halafu albamu ya nyimbo za Kihispania, iliyompa Grammy mwaka 2002. Inaitwa La Música de Baldemar Huerta. Alifariki Oktoba 2006, akazikwa San Benito.

Juzi nilimpigia Baba nikamuuliza kama alijua kile ni Kihispania.

"Najua. Imeandikwa kwenye kanda."

"Na yale maneno ulikuwa unaimba?"

"Ya kwangu," akasema. "Si alitulia akaimba yake?"

Hadithi ya nyanya bado iko kwenye kompyuta. Sentensi tatu nimezikumbuka. Ya nne itabidi nimuulize mwenyewe, na hapo atataka kujua ilienda wapi.