Jaribio lililofuta madeni ya kweli

Likizo nilikuwa nyumbani Ziba, Igunga. Nikamwandikia bi mkubwa kiprogramu cha Python cha madeni ya genge lake, kinaitwa duka, chenye amri ndogo tatu: ongeza, lipa, futa. Nikaweka na chaguo la jumla, --jaribio, la kuonyesha tu bila kugusa kitu. Ili likubali mbele na nyuma ya amri ndogo, nikaliandika kote: kwenye amri kuu na kwenye kila amri ndogo.

Jioni nikaandika: duka --jaribio futa. Duh! Madeni ya wiki mbili yakaenda.

Kumbe argparse ikiingia kwenye amri ndogo inaanza upya. Huko nyuma --jaribio haikutajwa, basi thamani yake "hapana", na hiyo "hapana" inafunika "ndiyo" ya mbele. Dawa: kwenye amri ndogo weka default=argparse.SUPPRESS, lisipotajwa likae kimya. Git yenyewe haina mchezo na nafasi: git -p log inakupa matokeo ukurasa kwa ukurasa, git log -p inakuonyesha mabadiliko ya kila komiti.

Bi mkubwa hakugomba. Alifungua daftari lake la siku zote: "Haya mwanangu, andika, nakusomea." Tulimaliza saa sita usiku.