Jaribio Lililotugombanisha

Mwaka wa mwisho mimi na mwenzangu tulifanya projekti ya mfumo wa kugawa vyumba vya hosteli. Anayeomba mapema anapata mapema, basi. Tukaandika na majaribio, maana msimamizi alishatuonya kwamba mfumo usio na majaribio asiuone mezani kwake.

Jaribio moja likatutoa jasho. Kwenye laptopu yangu linapita, kwa mwenzangu linagoma. Akilirudia, linapita. Kesho yake linagoma tena. Siku tatu kabla ya kuwasilisha nikamwambia, "Wewe kuna kitu umegusa, sema tu." Hakujibu. Alifunga laptopu yake, akapanda kitandani. Tunakaa chumba kimoja, lakini usiku ule tulilala kama wapangaji wasiojuana.

Usingizi ukanikataa, nikalifungua tena. Jaribio lilikuwa linaingiza waombaji watatu, linarekebisha namba ya simu ya mmoja, kisha linaomba orodha na kudai wa kwanza awe yule yule. Nikasoma lile ombi letu la SQL: hakuna ORDER BY! Kumbe usipotaja mpangilio, kanzidata haikuahidi mpangilio wowote. Sisi tulitumia PostgreSQL. Humo ukirekebisha rekodi, ya zamani haifutwi palepale. Linaandikwa toleo jipya penye nafasi, na la zamani linasubiri kusafishwa. Nafasi iko wapi? Inategemea yaliyopita kwenye jedwali hilo. Ndiyo maana laptopu mbili zilitoa majibu mawili, na hakuna aliyegusa kitu.

Shetani akaninong'oneza: panga majina kialfabeti ndani ya jaribio, lipite, ukalale. Ingekuwa ni orodha ya vyumba tu, ambayo mpangilio wake hauna maana, ingekuwa sawa kabisa. Lakini hii ni foleni. Mtu akirekebisha namba ya simu tu halafu akatupwa nyuma, anakosa chumba, anaanza kulala chini kwa rafiki. Kosa lilikuwa kwenye mfumo.

Nikaongeza ORDER BY kwa muda wa kuomba, halafu kwa namba ya ombi, kwa sababu wawili wakiomba wakati mmoja, muda peke yake hauwatenganishi. Nikaandika na jaribio la hao wawili. Nikaliendesha mara hamsini. Likapita zote.

Saa kumi alfajiri nikamwamsha. "Ndugu yangu, hukugusa kitu. Nisamehe."

Akafikicha macho. "Jaribio lilikuwa linasema kweli siku zote. Wewe ndiye uliyetaka linyamaze."

Sikuwa na la kujibu. Basi mdau, jaribio lako likipita leo na kugoma kesho, usilirudie mpaka likubali. Lisikilize. Na kabla hujamnyooshea mwenzako kidole, angalia kwanza kama uliomba mpangilio.