Ufa nilioziba haukuwa ufa

Wahenga waliotuusia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta hawakukosea. Ila hawakutuambia la kufanya iwapo ufa unaouona sio unaovujisha. Hilo nililijua mwaka 2000 nikiwa kidato cha tatu, na nusura nilijue kwa kuiteketeza nyumba ya wazazi wangu.

Wengi wenu mnaukumbuka mwaka huo. Mvua ilikataa kunyesha, maji yakapungua katika mabwawa ya Mto Tana na stima zikawa za mgao. Kaka yangu mkubwa alikuwa na kibanda cha kinyozi hapo kwetu Kayole. Wateja walikuja, wakachungulia, wakaona mashine zimelala, wakaenda zao. Karo yangu ilitoka katika kibanda hicho. Baba, ambaye alikuwa amestaafu, alikwangua akiba yake akanunua jenereta ndogo ya petroli, kuukuu lakini yenye nguvu.

Kwa majuma matatu ilinguruma vizuri. Kisha ikaanza kubugia petroli kupita kiasi, ikatoa moshi mweusi na kudondosha petroli chini ya kabureta hata ikiwa imezimwa. Kwa kuwa nilikuwa nikipata alama nzuri katika fizikia, nilijitwika ufundi. Niliona unyevu penye kiungo cha kile kikombe cha chini cha kabureta. Nikakaza skrubu, nikasugua sabuni ya kipande pale kwenye kiungo, kama nilivyowaona madereva wakiziba tangi lililotoboka. Pakakauka. Kaka alinisifu, nami nikavimba kichwa. Hata koki ya tangi sikukumbuka kuifunga.

Usiku tulikuwa tukiiingiza jenereta kwenye ushoroba kwa kuhofia wezi. Mwendo wa saa mbili hivi, stima zikiwa zimepotea, kitindamimba wetu wa miaka sita alitoka jikoni akiwa ameshika koroboi. Mama akapiga ukelele: "Simama hapo hapo! Usisongee!" Alikuwa amenusa. Petroli ilikuwa imeufuata mteremko wa sakafu hadi hatua chache kutoka miguuni pa mtoto. Mama alimbeba na koroboi lake akatokea mlango wa nyuma. Tulikaa gizani milango wazi, tukimwaga mchanga na kuuzoa, bila mtu kuthubutu kuwasha hata kiberiti.

Baba hakunichapa. Aliniuliza jambo moja tu: "Ulijua petroli inatoka wapi, au uliona tu inapodondokea?" Sikuwa na jibu.

Kulipokucha aliniongoza hadi kwa mzee jirani yetu, fundi aliyekuwa amefua mabati Kamukunji kwa miaka mingi. Mzee alitwambia tuilete jenereta uani, mbali na jiko la mtu yeyote. Akafunga koki, akakinga mkebe, akafungua kile kikombe cha kabureta. Ndani mlikuwa na kidude cha shaba chenye uwazi ndani, mfano wa kopo dogo lililozibwa pande zote.

"Hili ndilo boya, kijana," alisema. "Petroli ikijaa kikombeni, boya hupanda na kuisukuma sindano izibe njia. Ikipungua, hushuka na njia ikafunguka. Sasa sikiliza."

Alilitikisa sikioni mwangu. Chwa! Chwa! Petroli ilikuwa ndani ya boya lenyewe. Lilikuwa limetoboka, likanywa petroli, likawa zito na kuzama. Sindano haikuwa na wa kuisukuma tena. Kumbe petroli ilikuwa ikiingia bila kikomo, na sabuni yangu iliziba mahali ilipokuwa ikifurikia. Ilipokosa njia hapo, ikatafuta nyingine.

Aliagiza maji moto yaletwe kwa beseni kutoka jikoni, akalizamisha boya. Mapovu membamba yakatoka kwenye mshono wake. Akapatia alama kwa msumari. Kisha akanionya kwa sauti kali: "Usilipeleke boya lenye petroli karibu na moto hata kidogo. Litalipuka mkononi." Alitoboa tundu la pili dogo, akalirudisha majini mara nyingi na kulikung'uta mpaka petroli yote ikaisha, kisha akaliacha juani hadi siku ya pili likauke kabisa, harufu nayo ikatoweka.

Kulehemu kwenyewe hakukuchukua muda. Aliisugua shaba kwa msasa, akaipaka asidi, akayeyusha lehemu kwa chuma chake kilichopashwa moto kwenye makaa. Aliziba tundu la kwanza, akangoja boya lipoe, ndipo akaziba la pili. Alinieleza kwamba bila tundu hilo la kupumulia, hewa iliyopata joto ndani ingeisukuma lehemu nje. Lehemu iliyozidi aliikwangua, kwani boya likiwa zito huelea chini na kabureta hufurika vilevile. Akalizamisha tena katika maji moto. Hapakutoka povu hata moja.

Nilidhani tumemaliza. Mzee aliitazama ncha ya sindano kama imelika, halafu akachomoa kijiti cha kupimia oili akakinusa. Kilinuka petroli! Ilikuwa imepenya hadi ndani ya injini, na oili iliyochanganyika na petroli hailainishi vyuma inavyopaswa. Tulimwaga yote tukatia nyingine. Injini iliwaka kwa kuvutwa kamba mara mbili. Kaka akarudi kunyoa, nami muhula ulipofunguliwa nikarudi shuleni.

Siku hizi injini nyingi ndogo, ziwe za jenereta, pampu za maji au mashine za kukata nyasi, zina boya la plastiki. Hilo halilehemiwi, nunua jingine. Usihangaike na gundi, kwani aina nyingi huyeyushwa na petroli. Funga koki kila unapozima injini, na usiilaze ndani ya nyumba. Kuiwasha humo ndiko kubaya zaidi, kwa sababu moshi wake huua watu usingizini.

Mzee yule ametangulia mbele ya haki, lakini somo lake ningali nalo. Majuzi mwanangu alileta ripoti ya shule yenye alama za kusikitisha. Nilikuwa tayari kumfokea na kumnyima televisheni. Nikalikumbuka swali la baba, nikaketi naye tukazungumza. Kumbe mtoto alikuwa haoni vyema ubao, na alikuwa akiona haya kusema. Leo ana miwani. Na mimi nilikuwa nimekwisha kushika sabuni mkononi.