Itazame Brisbane, Mjukuu Wangu

Tibirinzi, Chake Chake, Pemba

Mjukuu wangu mpenzi,

Sisi huku wazima, ila babu yako goti linamsumbua kidogo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, kisha nikampa baba yako naye ausikilize. Umesema unataka medali ya dhahabu ya Olimpiki, mita 800. Baba yako alicheka. Mimi sikucheka, na ndiyo maana nimeshika kalamu: maneno ya simu hupotea, na haya nataka uyaweke.

Kwanza ujue unachokiomba. Tangu Tokyo 1964 hadi Paris 2024, nchi yetu haijapata dhahabu ya Olimpiki hata moja. Tuna fedha mbili tu, zote za Moscow 1980: ya Filbert Bayi, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na ya Suleiman Nyambui, mita 5,000. Na Zanzibar haina kamati yake ya Olimpiki. Twenda chini ya bendera ya Tanzania. Kwa hiyo ukiwashinda wenzio wa viwanja vya Gombani na Amaan, bado wanakungoja wasichana wa Arusha na Manyara waliokulia milimani.

Kisa cha Bayi nataka ukijue vizuri. Mwaka 1974, Christchurch, New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, mita 1,500. Wengi walikuwa na desturi ya kujificha nyuma ya wenzao wakingojea mzunguko wa mwisho. Bayi alishika mbele mapema na hakumpisha mtu: dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi ya dunia. John Walker, mwenyeji, alimaliza wa pili, na hata yeye aliipita rekodi ya zamani. Mimi nilikuwa msichana wa skuli, na sijasahau fahari tuliyoiona. Mwaka uliofuata, Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya maili.

Watu wakaisubiri Montreal 1976, Bayi na Walker. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, na nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, zikasusia michezo. Dhahabu akaichukua Walker. Naamini nchi ilifanya haki, maana watoto wa Soweto walikuwa wamepigwa risasi mwezi mmoja tu kabla. Lakini haki ile ililipiwa na kijana mmoja kwa miaka bora ya miguu yake. Moscow Bayi alikwenda na mbio nyingine. Akaongoza kwa muda mrefu, na mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akampita.

Basi usijiahidi dhahabu. Jiahidi muda. Kiwango cha kufuzu mita 800 za wanawake kwa Paris kilikuwa dakika 1 na sekunde 59.30. Mary Moraa wa Kenya alipata shaba kwa 1:57.42, na Keely Hodgkinson wa Uingereza dhahabu kwa 1:56.72. Wewe, kwenye Tamasha la Elimu Bila Malipo, ulikimbia dakika mbili na nusu. Nusu dakika hiyo haiondoki kwa mwaka mmoja wala miwili. Kwa hiyo Los Angeles 2028 iache ipite, uitazame kwenye televisheni na daftari mkononi. Itazame Brisbane 2032, mwili wako ukiwa umekomaa na skuli umeimaliza.

Na ukiona miaka hiyo ni mingi, mkumbuke Alphonce Simbu, mkimbiaji wetu wa marathoni: alikuwa wa tano Rio 2016, akapata shaba ya dunia London 2017, akawa wa saba Olimpiki ya Tokyo, kisha Paris 2024 akarudi hadi wa 17. Mtu angeweza kudhani amekwisha. Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, saa 2:09:48, muda mmoja na Mjerumani Amanal Petros, wakitenganishwa na picha ya utepeni. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Baba yako ana neno la mavazi. Nimemjibu. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alishinda mita 200 za Michezo ya Asia, Doha 2006, kichwa chake kimefunikwa na mwili umestirika, na Beijing 2008 akakimbia vivyo hivyo. Amenyamaza; anafikiri. Usimjibu kwa ukali, mimi nipo.

Mwezi wa Ramadhani usiache mazoezi, yasogeze karibu na futari, yawe mepesi, na daku usiikose. Kidonge chochote usichokijua usikinywe, hata akikupa mtu unayemheshimu. Na kocha yeyote anayekutaka peke yako, bila wenzio, mkatalie, uniambie siku hiyohiyo. Hilo halina mjadala wala aibu kwako.

Kuhusu skuli sitasema mengi. Nyambui alisoma chuo kikuu El Paso, Marekani, kwa sababu ya mbio zake, na kwa sababu alikuwa na elimu ya kumwingiza chuoni. Bayi leo ana shule zenye jina lake. Miguu pekee isingewafikisha huko.

Mtihani wa kidato cha pili ukishapita, viatu vya misumari nitakununulia mimi. Wewe kila mwisho wa mwezi nitumie muda wako wa mita 800, uliopimwa kwa saa na mwalimu, si wa kukisia. Nitauandika hapa nyumbani, na baba yako atausoma.

Wasalaam,
Bibi yako