Acheni kula herufi za watu

Wadau, leo tuongee kitu kidogo kinachowakera wahariri na mafundi wa kompyuta kwa pamoja: herufi zinazogeuka madudu. Bila shaka mmeshakutana na "ngâ€™ombe" kwenye wavuti. Huyo si mnyama mpya. Ni ng'ombe wetu yule yule, ila amesimbwa kwa mfumo mmoja akasimbuliwa kwa mwingine.

Iko hivi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Mfumo wa ASCII, ulioanza 1963, una nafasi 128 tu. Kiswahili kikaponea hapo maana hatuna herufi zenye vikofia. Kikuyu hakikupona: ũ na ĩ hazimo. Unicode ilipotoka mwaka 1991 ikazipa namba zao, na UTF-8, iliyobuniwa 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, huandika kila moja kwa baiti mbili. Programu ikidhani kila baiti ni herufi kamili, Ngũgĩ anakuwa NgÅ©gÄ©.

Sasa ninachotaka kusema. Python, lugha ya programu ambayo waandishi wengi tunaitumia kuchambua takwimu, inakupa uamuzi: ikikuta herufi isiyoingia kwenye mfumo uliochagua, ifanye nini? Kawaida hugoma na kutoa kosa. Ukitaka, itaweka alama ya kuuliza: Ng?g?. Au uiambie "ignore", iiruke kimya kimya. Ipe jina hilo, uiombe ASCII, utapata "Ngg". Hakuna kosa, hakuna onyo.

Nimeona wenzangu wakichagua hiyo ya mwisho ili kazi iende. Nawaelewa, muda wa kufunga ukurasa haumngoji mtu. Lakini jamani! Mtu aliandika riwaya ya Kikuyu kwenye karatasi za chooni gerezani mwaka 1978, leo mstari mmoja wa programu umle irabu zake zote mbili?

Na Kiswahili tusijidanganye kwamba tuko salama. Ile ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, nayo haimo ASCII. Ikirukwa, ng'oa inakuwa ngoa. Ulikuwa unang'oa mti, sasa una wivu.

Kwangu mimi, madudu ni afadhali, maana mhariri atayaona. Herufi iliyoliwa haionekani, na jina la mtu ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa kutolikosea.

Kwa hiyo hifadhi kazi yako kwa UTF-8, taja mfumo kila unapofungua faili, na programu ikigoma usiizibe mdomo. Inakuambia kuna jina la mtu hapo linataka kupotea.

Je, jina lako wewe limeshawahi kuliwa herufi? Nawasilisha.