Fedha ya Rangi

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mchoraji huanza pale anaposhika burashi. Sivyo. Kazi huanza dukani, naye anunuaye ovyo huchora ovyo, hata akiwa na mkono hodari. Neno hili lawapasa hasa wanafunzi, kwa maana fedha yao ni kidogo, na mara nyingi si yao wenyewe.

Hapa Kisangani jambo hili lina uzito zaidi. Mji wetu ndio mwisho wa safari ya meli zipandazo kutoka Kinshasa, mwendo wa kilometa 1,700 hivi, kwa kuwa mbele yake maporomoko ya Wagenia yazuia njia. Bidhaa nyingine huja kwa malori kutoka mashariki, na barabara zetu wote twazijua. Basi kila kopo la rangi limesafiri sana kabla ya kufika dukani, na safari hiyo yote imo ndani ya bei yake.

Mwaka 2013 sisi wanafunzi wanne wa seminari tuliombwa kuchora picha 14 za Njia ya Msalaba kwa kanisa dogo la Lubunga, ng'ambo ya mto. Waamini walichanga dola 60. Fedha hiyo ilitoka kwa akina mama wauzao sombe na chikwange, na kwa wavuvi. Mzee wa kanisa alipotukabidhi alisema neno moja tu: "Wanangu, fedha hii haina ndugu yake." Maana yake, ikiisha hakuna nyingine.

Kesho yake tukavuka mto kwa mtumbwi, tukaingia Makiso. Duka la kwanza lilikuwa la vitabu na karatasi. Katika kabati la kioo palikuwa na sanduku zuri la rangi za wachoraji: tyubu 12, kila moja mililita 12, bei dola 25. Mwenzetu mmoja alisimama mbele yake asitake kuondoka. Akasema: "Ndugu zangu, picha za Bwana zastahili kilicho bora. Je, tutamchora Yesu kwa rangi ya milango?"

Neno lake halikuwa la upuzi, wala hakuna aliyemcheka. Ni kweli, nyumba ya Mungu yastahili kilicho bora. Lakini tulitoa kalamu tukahesabu. Tyubu 12 za mililita 12 ni mililita 144. Ukizigawa kwa picha 14, kila picha yapata kama vijiko viwili vya chai. Na picha zenyewe zilitakiwa kuonekana tangu mlangoni mwa kanisa. Rangi ingetuishia kituo cha tano, na Bwana wetu angebaki njiani pamoja na Simoni wa Kirene.

Basi tukaenda kwenye duka la misumari na rangi za nyumba. Huko kopo moja la lita moja lashinda masanduku sita ya namna ile. Tulichagua rangi za mafuta tano tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, manjano na buluu. Nyingine zote hupatikana kwa kuchanganya: buluu na manjano huzaa kijani; nyekundu na manjano huzaa rangi ya machungwa; ukiitia hiyo nyeusi kidogo, wapata rangi ya udongo. Anunuaye kopo la kijani analipa kwa kitu ambacho tayari anacho.

Tuliomba kila kopo lifunguliwe na kukorogwa kwa kijiti mbele yetu. Muuzaji mmoja alikasirika, tukamwacha. Mama wa duka la pili alifungua bila maneno. Kopo moja lilikuwa limeganda kama ugali wa jana, naye mwenyewe akalitupa nyuma akatupa jingine. Kwake tulinunua pia burashi, msasa na mafuta ya taa ya kuoshea. Mbao nyembamba za tripleksi tulinunua mbili, kila moja mita 2.44 kwa 1.22. Ukiikata moja kwa sentimeta 61 kila upande, wapata vipande vinane. Mbili ni vipande 16: 14 vya kazi, na viwili vya kujaribia.

Wako wanaoona haya kutumia vitu vya namna hii. Hao na wakumbuke Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao, na leo namna ile ya uchoraji yaitwa kwa jina lake. Kule Lubumbashi, Tshibumba Kanda Matulu alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, na katika miaka ya 1973 na 1974 alichora picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yetu. Hakuna anayetazama picha zile akauliza gunia lilikuwa la unga gani.

Yule mwenzetu aliyelipenda sanduku ndiye aliyechanganya rangi ya uso wa Bwana. Aliichanganya siku mbili juu ya vipande vile vya kujaribia, mpaka akaridhika. Hapo sote tulifahamu ya kuwa kilicho bora alichokitaka kilikuwa katika uvumilivu wake, wala si katika lile sanduku.

Kwa hiyo, ninyi vijana mnaotumwa mjini, shikeni haya. Kwanza, pimeni kazi kabla ya kupima bei. Pili, msipake rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta, maana hubanduka. Tatu, hapa kwetu mvua hunyesha karibu miezi yote. Iacheni kila rangi ikauke kabisa kabla ya kupaka nyingine. Nne, andikeni kila faranga. Tulirudisha Lubunga dola moja na karatasi ya hesabu, nayo ikasomwa mbele ya waamini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na mama aliyeuza sombe ana haki ya kujua sombe lake limekuwa rangi gani.