Pete ilibaki ndani ya meli: mzaliwa wa Uvira na mwenzake katika visiwa vya Karibea

Siku ya tatu ya safari, asubuhi na mapema, meli ilikuwa imekwisha kufungwa kamba kwenye bandari ya Falmouth, kaskazini mwa Jamaika. Mwanaume mmoja mzaliwa wa Uvira, mwenye miaka 41, alikaa kitandani ndani ya chumba chao, akavua pete yake ya ndoa na kuiweka ndani ya kasha dogo la chuma la kufungia vitu vya bei. Mwenzake, Mmarekani mweusi, mwalimu wa shule, alikuwa anafunga viatu. Akamtazama, akauliza kwa nini anaivua. Akajibiwa: "Leo tunapita bariera."

Mwalimu hakuelewa. Lakini mkaaji yeyote wa Kivu ya Kusini anaelewa. Mwaka 1996, vita ilipofika Uvira, mtu huyu alikuwa mtoto wa miaka 11. Mama yake aliwaongoza yeye na dada yake mdogo kwa miguu, Makobola, Mboko, mpaka Baraka, wakitafuta boti ya kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Kabla ya kila bariera mama alisimama na kuwafundisha upya: hapa tunasema lugha hii, pale ukiulizwa baba yako ni nani unajibu hivi, na mkono wako usiuonyeshe kama una kitu. Sheria ya bariera ya kwanza haikuwa sheria ya bariera ya pili. Walifika kambi ya Nyarugusu wakiwa wazima, na mtoto alibaki na ile desturi ya kuuliza, kila anapokwenda, ni nani anashika fasi hii.

Jina lake halitajwi hapa, kwa ombi lake. Leo anaishi Kentucky, anafanya kazi ya usiku katika ghala la mizigo, amepata uraia wa Marekani, na amefunga ndoa na mwanaume. Dada yake na watoto wake wangali Nyarugusu. Kila mwezi anawatumia pesa. Habari ya ndoa hakuwahi kuwatumia.

Safari hii ilikuwa wazo la mwalimu. Meli za utalii za Karibea si kama boti za Bukavu na Goma. Ni kama mtaa mzima wa ghorofa unaoelea, na ndani yake watu elfu tatu au nne, migahawa, kanisa dogo, hata bwawa la kuogelea juu ya paa, jambo ambalo dada yake baadaye alilicheka sana: maji juu ya maji. Njia yao ilikuwa ya siku saba kutoka Miami, kupitia Jamaika, Grand Cayman na Cozumel ya Mexico.

Ndani ya meli hakuna aliyewasumbua. Chumba chenye kitanda kimoja walipewa bila swali. Kwenye karatasi ya programu ya kila siku ambayo abiria wanapewa, kulikuwa na saa ya watu wanaopenda wa jinsia yao kukutana na kufahamiana. Zamani tangazo hilo liliandikwa kwa mafumbo, "marafiki wa Dorothy", ili wenye kujua wajue na wengine wapite. Leo linaandikwa wazi. Kuna hata makampuni yanayokodi meli nzima kwa ajili ya watu hao. Wanawake wana lao linaloitwa Olivia, lililoanza kufanya safari za baharini mwaka 1990. Mezani, wazee wawili, mke na mume, waliwauliza wamekaa pamoja miaka mingapi. Wakajibu tisa. Mama mzee akasema hiyo bado ni michache, kisha akaomba apitishiwe chumvi. Basi.

Kwa hiyo mwalimu aliona hofu ya mwenzake haina msingi. Hapo ndipo wasafiri wengi wanapokosea, na kosa hilo si dogo. Meli ikiwa katikati ya bahari, sheria inayotawala ni ile ya nchi ambayo meli imeandikishwa, na nchi hiyo mara nyingi siyo Marekani hata kama abiria wote ni Wamarekani. Utakuta meli ni ya Bahamas, ya Panama, ya Malta au ya Bermuda. Malta iliporuhusu ndoa za jinsia moja mwaka 2017, meli ya Celebrity Equinox, yenye bendera ya Malta, iliozesha wanaume wawili baharini mwezi wa Januari 2018. Bermuda iliruhusu mwaka huohuo wa 2017 kwa amri ya hakimu, sheria ya bunge lake ikafunga mlango mwaka uliofuata, na mwaka 2022 baraza la mwisho la rufaa kule London likasema Bermuda ina haki ya kuufunga. Ndoa ile ile, bahari ile ile, rangi ya bendera tu ndiyo tofauti.

Lakini meli ikitia kamba bandarini, bendera haimlindi abiria. Imeingia ndani ya nchi ya wenyewe, na polisi wa pale wanaweza kupanda. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha Machi 2012, kwenye kisiwa cha Dominica (si Jamhuri ya Dominika, ni nchi nyingine ndogo). Meli ya Celebrity Summit, iliyokodiwa na kampuni ya Atlantis kwa wanaume wapatao 2,000, ilikuwa bandarini. Wanaume wawili kutoka California walionekana na watu wa chini wakiwa uchi kwenye baraza ya chumba chao, na ilisemekana walikuwa wakifanya tendo la ndoa. Walikamatwa, wakalala mahabusu. Kwanza walitajiwa lile kosa kubwa la wanaume kulalana. Mwishoni walikubali kosa la kuonyesha uchi hadharani, wakalipa faini ya karibu dola 900 kila mmoja, wakafukuzwa. Meli ilikuwa imekwisha kuondoka bila wao.

Watu walibishana sana juu ya kisa hicho. Wengine walisema hata mwanaume na mwanamke wangekamatwa, na labda ni kweli. Lakini mwanaume na mwanamke wasingetishwa kwanza kwa lile kosa la pili. Na kuna jambo la kawaida kabisa ambalo wengi hawalifikirii: baraza ya chumba melini inaonekana kama ya nyumbani kwako, kumbe meli ikiwa bandarini iko mbele ya macho ya mji mzima.

Jamaika sheria yake ni ya mwaka 1864, iliyoachwa na Waingereza. Inatoa kifungo cha hadi miaka kumi na kazi ngumu kwa wanaume. Mwaka 2021 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ilitangaza kwamba sheria hiyo inavunja haki za watu, lakini haikufutwa. Mwalimu alisoma kwenye simu kwamba watalii hawafuatiliwi. Mwenzake alijibu kwamba hata kule kwao askari wa bariera hakumfuatilia kila mtu, alichagua.

Basi walishuka bila pete. Bandari ya Falmouth imezungushiwa uzio, ndani ni maduka ya watalii. Nje ndio mji wenyewe, mji wa zamani uliokua kwa sukari na kwa jasho la watumwa. Walichukua gari lililopangwa na meli, wakaenda kwenye mto Martha Brae. Pale watu wanashushwa taratibu na maji juu ya mtumbwi mrefu wa mianzi, wawili wawili kwenye kiti kimoja, na mwenye mtumbwi anasimama mbele akisukuma kwa mti mrefu. Ni mahali pazuri, maji ya kijani, kimya. Mwenye mtumbwi alikuwa mtu wa maneno. Aliwaonyesha miti, aliimba kidogo, akasema kiti hicho hupenda kukaliwa na maharusi. Kisha akageuka akauliza: ninyi ni ndugu?

Mzaliwa wa Uvira alijibu haraka: ndiyo, ndugu.

Mwenye mtumbwi akaendelea kuimba. Huenda angejibiwa ukweli angeendelea kuimba vilevile. Mtu huyo hakuonyesha ubaya wowote. Mwalimu hakusema neno mpaka waliporudi melini. Chumbani ndipo aliposema: "Miaka tisa, na leo nimekuwa ndugu yako."

"Kwa Kiswahili ndugu ni neno kubwa," mwenzake akajitetea.

"Yeye aliuliza kwa Kiingereza."

Usiku huo walikula kila mtu akitazama sahani yake. Aliyewahudumia mezani alikuwa kijana wa Jamaika. Mzaliwa wa Uvira alimtazama akienda na kurudi, akafikiri jambo ambalo baadaye alilisimulia zaidi ya mara moja: mtalii anashuka saa tatu, anaogopa masaa saba, anarudi kwenye kitanda chake kabla jua halijazama. Kijana wa Jamaika aliye na moyo kama wake hana meli ya kurudia. Akimaliza mkataba wake anarudi nyumbani, na nyumbani ndiko kwenye ile sheria ya 1864.

Kesho yake walifika Grand Cayman. Pale meli kubwa hazifiki ukingoni. Zinatia nanga mbali na abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Mwanaume huyu hajui kuogelea, na tangu alipovuka Tanganyika alikuwa hajakaa kwenye boti ndogo juu ya maji mengi. Alishika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Mwalimu, ili amsahaulishe hofu, au kwa sababu alikuwa bado na hasira na alitaka kuzungumza kitu, akamsomea habari ya fasi hiyo. Mwaka 1998 serikali ya Cayman ilikataa meli ya kampuni ya Norwegian isitie nanga, kwa sababu ilibeba wanaume wapatao 900 wa aina yao. Waziri aliandika kwamba hawawezi kutegemewa kuwa na mwenendo unaofaa. Mwaka huohuo Nassau, kule Bahamas, waandamanaji walisimama bandarini kuwapigia kelele abiria wa namna hiyo, na mwaka 2004 wakasimama tena, ingawa safari hiyo wasafiri walikuwa familia zenye watoto. Bahamas ilikuwa imefuta kosa hilo kwenye sheria tangu 1991. Sheria ilikuwa imewaruhusu. Watu wa bandarini walikuwa hawajawaruhusu.

Cayman yenyewe haikubadilika kwa hiari. Uingereza ndiyo iliyofuta sheria hiyo kwa amri, katika makoloni yake matano ya Karibea, kuanzia Januari 2001. Ndoa mpaka leo hawana, lakini tangu 2020 wawili wanaweza kuandikishwa kama wenzi. Nchi nyingine zimekwenda kwa njia ya mahakama. Belize ilifuta mwaka 2016, baada ya mwananchi mmoja, Caleb Orozco, kuishtaki serikali yake. Antigua na Barbuda, Saint Kitts na Nevis, na Barbados, zote mwaka 2022. Dominica, ile ile ya mahabusu, Aprili 2024. Saint Lucia 2025. Saint Vincent mahakama ilikataa mwaka 2024. Na Trinidad na Tobago ilitoa haki hiyo mwaka 2018, kisha mahakama ya rufaa ikaichukua tena Machi 2025. Kwa hiyo mtu aliyesafiri mwaka jana asimwambie wa mwaka huu kwamba anaijua njia.

Boti ilipofika ukingoni, mzaliwa wa Uvira alikuwa amevaa pete. Alikuwa ameitoa kwenye kasha asubuhi, kimya, bila kumwambia mtu. Mwalimu aliiona alipompa mkono kushuka.

Siku ya sita, Cozumel, walikuwa watu wengine. Mexico majimbo yote yanakubali ndoa zao. Mwuza samaki aliwapiga picha wakiwa wamekaa karibu, bega kwa bega, pete zote mbili mezani zinaonekana. Na hapo, labda kwa furaha, labda kwa uchovu wa kujificha, akaiweka picha hiyo kwenye statusi yake ya WhatsApp. Alisahau, au alijifanya kusahau, ni nani wote wanaoiona.

Lisaa halikuisha, sauti ikaingia kutoka Nyarugusu. Kongo haina kifungu cha sheria kinachofunga watu wa namna hiyo kwa kupendana peke yake, ingawa Katiba inasema ndoa ni ya mume na mke. Lakini dada hayuko Kongo. Yuko Tanzania, ambako kifungo kinaweza kufika maisha, na ndani ya kambi, ambako nyumba na nyumba zinatenganishwa na turubai, na simu moja inapita mikononi mwa watu sita.

"Yaya," dada alisema. Kisha kimya, kuku wakisikika nyuma. "Yaya, ile picha nimeiona. Mama wa jirani naye ameiona, ameniuliza huyo ni nani, nimemwambia ni mwenzako wa kazi. Toa hiyo picha. Toa sasa hivi. Hapa watoto wanakwenda shule na watoto wa watu."

Aliitoa. Mikono ilimtetemeka zaidi ya siku ya boti. Mwalimu alimwona, hakuuliza. Safari hii alielewa mwenyewe. Walikaa kwenye baraza ya chumba, meli ikiwa imekwisha kuondoka bandarini, taa za Cozumel zikizidi kuwa ndogo.

Kama saa nne za usiku, ambako Tanzania ilikuwa ni alfajiri, sauti ya pili ikaingia. Dada alikuwa anaongea chinichini, kama mtu aliyetoka nje ya nyumba ili wengine wasisikie.

"Umeitoa, nimeona. Aksanti. Sasa nitumie mimi peke yangu."